Choo ndani ya Hiace: anza na pa kumwagia

Watu wanaogeuza Hiace kuwa gari la kulala huanza kwa kuuliza choo kitakaa wapi: nyuma ya kiti cha dereva, chini ya kitanda, au karibu na mlango wa kuburuta. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kwamba utakachokijaza utakimwaga wapi. Usipokuwa na jibu kabla ya kununua, utalitafuta jioni moja ukiwa umesimama na dumu la kilo ishirini mkononi, na mlinzi wa kambi anakutazama.

Aina ni tatu, na moja tuiondoe mapema. Choo cha kaseti hukazwa sakafuni, na tangi lake la lita 17 hadi 20 huchomolewa kupitia kimlango kilichokatwa ubavuni mwa gari. Ujerumani na Ufaransa ni chaguo zuri, kwa sababu maegesho mengi ya magari haya yana sehemu maalumu ya kumwagia kaseti. Huku kwetu Afrika Mashariki sehemu hizo hakuna, kwa hiyo faida yake kubwa inapotea na unabaki na gharama: tundu kwenye bodi ambalo likishakatwa halirudi, mpira wa kuziba ambao fundi akiukosea mvua inaingia na kutu inaanza, na spea za kuagiza. Usiikate Hiace yako kwa ajili hiyo.

Zinabaki mbili. Ya kwanza ni choo cha maji cha kubeba: tangi la juu lina maji safi na pampu ndogo, la chini linapokea uchafu, na kati yao kuna ulimi wa valvu unaovutwa kwa mpini. Ya pili ni choo kikavu: mkojo unaelekezwa mbele kwenye dumu lake, kinyesi kinaanguka nyuma kwenye ndoo na kufunikwa kwa vumbi la mbao.

Tofauti yao kubwa iko kwenye kumwaga. Uchafu wa choo cha maji unaingia choo chochote, cha kuflashi au cha shimo, ilimradi dawa uliyotumia haiharibu karo la septiki. Ndoo ya choo kikavu haiingii choo cha kuflashi hata kidogo. Vumbi la mbao linavimba, linakaa kwenye kona ya bomba, na mwenye nyumba ya wageni ataita fundi kwa jina lako. Ndoo hiyo inataka choo cha shimo au mahali pa kuozeshea. Kwa hiyo chora njia yako. Ukilala zaidi kwenye hoteli ndogo, vituo vya mafuta na kambi zenye vyoo vya kuflashi, chukua cha maji. Ukipita zaidi vijijini, kwenye shule, misheni na kambi zenye choo cha shimo, kikavu kinakufaa, na cha maji pia kitapita.

Kuna mahali pa tatu pa kufikiria. Kambi za umma ndani ya hifadhi zina vyoo. Zile kambi maalumu, Tanzania na Kenya, hazina kitu: unapewa eneo, mti na upweke wako. Huko ndiko choo cha ndani kinakuwa si anasa, hasa usiku, kwa sababu kutoka nje saa nane na tochi kwenye eneo la simba na nyati hakuruhusiwi na akili yoyote timamu.

Pima kichwa kabla ya kupima choo

Hiace ya kawaida ya muundo wa 200, yenye paa la chini, ina kimo cha ndani cha sentimita 132 hivi. Ukiweka plaiwudi na kizuia joto sakafuni unapoteza sentimita 3, na kitambaa na mbao za dari vinakula 3 nyingine. Zimebaki 126. Mwanaume wa kimo cha wastani akikaa wima, kutoka makalio hadi utosi ni kama sentimita 88. Toa: 126 kasoro 88 ni 38. Hiyo ndiyo nafasi ya choo chako, na haina hata kidole cha ziada.

Sasa chukua choo cha maji cha kubeba, Porta Potti 365 ya Thetford, ambayo wengi huiagiza kwa kuwa tangi lake la chini ni lita 21. Kimo chake ni sentimita 41. Haikai. Au inakaa, lakini utaenda haja umeinamisha shingo kama abiria wa mwisho kwenye kipanya. Ndugu yake mdogo, 335, ana sentimita 31 na tangi la lita 10 juu na lita 10 chini. Huyo anaingia na nafasi inabaki. Wenye paa la juu, au magari ya zamani ya utalii yenye paa la kuinuka, hawana shida hii, mradi choo kikae chini ya tundu la paa na si chini ya fremu yake.

Uzito nao uuangalie. Tangi la lita 21 likijaa, pamoja na plastiki yake, linakaribia kilo 24. Kulibeba mita mia kwenye mchanga ni kazi ya watu wawili, na likiyumba litakumwagia miguuni. La lita 10 mtu mmoja analimudu.

Watu wa kopo

Viwanda vinavyotengeneza vyoo hivi vinamfikiria mtu wa karatasi. Sisi wengi ni watu wa kopo, na hesabu ya kwenye maboksi haituhusu.

Tufanye hesabu yetu wenyewe ya watu wawili kwa siku. Mkojo lita moja na nusu kila mmoja, jumla 3. Kinyesi nusu lita. Kusukumia kwa pampu: safari kumi za haja ndogo kwa desilita 2 ni lita 2, na mbili za haja kubwa kwa nusu lita ni lita 1. Hadi hapo ni lita 6.5, na tangi la lita 20 linafika siku tatu. Hiyo ni ya watu wa karatasi. Ongeza kutawaza: desilita 2 kila baada ya haja ndogo, desilita 7 kila baada ya haja kubwa, nazo ni lita 3.4 zaidi. Umefika karibu lita 10 kwa siku. Lile tangi dogo linalotosha chini ya paa la Hiace limejaa kabla ya kifungua kinywa cha pili.

Dawa yake ni kuacha pampu. Maji ya kutawaza yanaangukia sinki lile lile, basi na yasukume. Fungua ulimi wa valvu kabla ya kukaa, tawaza ukiwa umekaa, na pampu ibanwe mara moja tu mwishoni kusafisha ukingo. Umeokoa kama lita 2 na nusu kwa siku. Kopo lenyewe libadilishe: chupa laini ya nusu lita yenye mdomo mwembamba wa kupinda inafanya kazi ya kopo zima kwa robo lita, kwa kuwa maji yanatoka kwa kasi na yanaenda unapotaka. Baada ya mabadiliko hayo mawili, lita 10 zinakupa siku moja na nusu hadi mbili.

Choo kikavu na kopo havipendani kwa asili, na wengi hukikataa hapo. Maji yakiingia kwenye ndoo, ukavu umekwisha na harufu imeanza. India walilitatua kwenye vyoo vya nyumbani vya kutenganisha kwa kuweka tundu la tatu, la maji ya kutawaza peke yake. Kwenye gari huna nafasi ya tundu la tatu, lakini kuna njia: pangusa kwanza kwa karatasi, iangushe kwenye ndoo, halafu sogea mbele juu ya kikalio mpaka uwe juu ya bakuli la mkojo, utawaze hapo kwa ile chupa ya mdomo mwembamba. Maji yanaingia kwenye dumu la mkojo. Sharti lake ni moja na halina ubishi: kuanzia hapo dumu hilo lina vijidudu vya kinyesi, linamwagwa chooni tu, kamwe si kwenye mti.

Choo cha maji kinapoharibika, kinaharibikia wapi

Kabla ya kukitumia, mimina lita moja ya maji kwenye tangi la chini, kisha dawa. Dawa za kopo la buluu zenye formalini huua bakteria vizuri mno. Ukimimina tangi zima kwenye karo dogo la septiki la kambi, unaua na wale wanaofanya kazi mle ndani. Nunua ya kijani, iliyoandikwa kuwa ni salama kwa septiki. Kipimo kinatofautiana kwa ukali, mara nyingi kati ya mililita 60 na 150 kwa tangi la lita 20, kwa hiyo fuata chupa yako. Siku zilizoandikwa kwenye lebo usiziamini kwenye joto letu. Gari lililofungwa juani Dar linapita nyuzi 50, na uchafu unachacha haraka zaidi ya alivyokusudia mtengenezaji.

Usitumie jiki. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na ndani ya gari dogo hiyo si harufu, ni ajali. Pia inakausha mpira wa ulimi.

Mpira huo ndio unaokufa kwanza. Ukikauka unabana, mtu anavuta mpini kwa nguvu, ulimi unapinda, na kuanzia siku hiyo choo kinavuja kwenye kila tuta. Upake grisi ya silikoni kila baada ya wiki chache. Vaselini ya bafuni iache, kwani mafuta ya petroli hulainisha na kuvimbisha mpira.

Kuna kosa moja ambalo vijitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja, na kwenye barabara zetu linastahili aya nzima. Tangi la chini likiwa limefungwa ni chombo kisichopumua. Ukilifunga Mombasa na kulifungua Nairobi, umepanda karibu mita 1,800, na hewa ya nje imepungua mgandamizo kwa karibu moja ya tano. Hewa uliyoifungia pwani bado inasukuma kwa nguvu za pwani. Ongeza joto la siku nzima na gesi ya uchafu wenyewe. Ukivuta mpini kwa haraka huku umeinama juu ya sinki, kilichomo kitakuja kukusalimia usoni. Kwa hiyo kila unaposimama, Voi, Mtito Andei, Emali, bonyeza kitufe cha kupumulia kama tangi lako linacho. Kama halina, fungua ulimi kidogo tu, mfuniko wa juu ukiwa umefungwa, usikie hewa ikitoka, kisha funga. Kutoka Arusha kwenda ukingo wa Ngorongoro ni vilevile. Ukishuka, mambo yanageuka: tangi linanyonywa kwa ndani na mpini unakataa kusogea. Usiulazimishe. Pumulisha kwanza, utasogea wenyewe.

Na kifunge choo. Kilo 14 zilizo huru nyuma ya kiti, kwenye barabara ya makorongo au breki ya ghafla, zinakuwa kombora. Vibano vya sakafuni vya kiwandani ni bora. Mkanda wenye bizimu uliopita kwenye pete mbili zilizokazwa kwa bolti za milimita 8 unatosha. Usijaze kupita robo tatu.

Choo kikavu, kwa wanaotaka kujenga

Sababu ya kutenganisha ni ya kikemia. Mkojo peke yake ukiwa mbichi haunuki sana. Ukichanganyika na kinyesi, bakteria wake huleta kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu ya choo cha stendi. Ukitenganisha, umeondoa nusu kubwa ya tatizo bila dawa yoyote. Vyoo vya EcoSan vijijini na vile vya Fresh Life katika mitaa ya Nairobi vinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Nunua kitenganishi cha plastiki, hicho usijaribu kukichonga. Sanduku lijenge kwa plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 40, urefu 48, kimo 36, kwa ajili ya zile 38 tulizozihesabu. Ndani lipige vanishi mara tatu, pamoja na kingo zilizokatwa, kwa sababu plaiwudi hunyonya mkojo kupitia kingo. Ndoo ya lita 10 iwe na kimo cha sentimita 28 hivi ili mdomo wake ufike chini kabisa ya kitenganishi. Pengo likizidi sentimita 2, kitu kitaanguka nje. Dumu la mkojo liwe bapa, lisizidi sentimita 22, maana mdomo wake lazima uwe chini ya tundu la kutolea. Lile la njano la lita 5 ni refu mno hapa. Weka tone la siki au kijiko cha asidi ya sitriki ndani kila unapoliosha, vinginevyo gamba gumu la njano litajenga na kunuka hata dumu likiwa tupu.

Feni ya kompyuta ya volti 12 inayokula ampea 0.1 inatumia ampea-saa 2.4 kwa siku nzima, betri haitaisikia. Ifungwe ikivuta kutoka sandukuni kwenda nje, kwa bomba la milimita 40 linalotokea sakafuni, mbali na gurudumu na mbali na dirisha la kulala, lenye wavu wa mbu mwishoni. Fyuzi ya ampea 1. Kupima ni rahisi: washa kijiti cha udi, kishike juu ya kikalio kilicho wazi. Moshi ukishuka, umeweza. Ukipanda, feni umeigeuza.

Cha kufunikia ndicho kinachowaangusha watu. Vumbi la mbao la karakana linafaa likiwa la mbao kavu. Likitoka kwenye gogo bichi lina unyevu na mayai ya vijinzi vidogo vyeusi, na siku ya nne gari limejaa. Lianike juani juu ya turubai siku mbili. La mbao zilizotiwa dawa au za kubandikwa kwa gundi usilichukue. Pwani kuna kitu bora zaidi na cha bure: unga wa makumbi ya nazi unaobaki baada ya kutoa usumba. Unanyonya vizuri na haupeperuki. Weka sentimita 5 chini ya ndoo, kisha viganja viwili kila baada ya haja kubwa. Watu wawili kwa siku tano watamaliza lita 5 hivi, na ndoo itakuwa imejaa.

Majivu yanafaa pia, yana nguvu ya alkali inayosumbua vijidudu. Lakini mkojo ukiyafikia, alkali hiyo hiyo inaikurupusha amonia na utalia. Kwa hiyo majivu ni ya mtu asiyekosea shabaha.

Usidanganyike na jina la "choo cha mboji". Siku tano hazitengenezi mboji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35, au zaidi ya miezi sita kikiwa na alkali ya juu ya pH 9, ndipo kiguse udongo wa mazao. Kwenye ndoo yako kuna kinyesi kilichofunikwa, basi.

Video nyingi za nje huonyesha ndoo iliyotandikwa mfuko wa plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania bara ya kubebea tarehe 1 Juni 2019. Usipange mfumo unaotegemea mfuko ambao mpakani unaweza kukutia matatani. Mifuko ile inayooza hupasuka siku ya tatu ikiwa na unyevu. Tandika gazeti kavu tabaka nne na uoshe ndoo. Ni dakika tano.

Kumwaga

Omba kwanza, toa tangi baadaye. Kwenye choo cha kulipia zungumza na mhudumu na umpe zaidi ya bei ya mtu mmoja, kwa sababu unachomletea ni cha watu kumi. Vaa glavu. Tangi la choo cha maji ligeuze mdomo wake wa kumiminia uangalie chini kabla ya kufungua kifuniko, ufikishe karibu kabisa na tundu, kisha minya kitufe cha kupumulia huku ukimimina. Bila kitufe hewa inaingia kwa mikupuo, na kila mkupuo unarusha. Kwenye choo cha kuchuchumaa mimina taratibu, utangulize maji kidogo ili isigande. Suuza kwa lita 3 mara mbili, kwa maji uliyokuja nayo kwenye dumu, si kwenye bomba ambalo watu wanachotea ya kunywa. Mtaro wa mvua, mto na bahari si vyoo hata usiku.

Kichaka kinabaki cha dharura, nje ya hifadhi: shimo la sentimita 20, hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, na lifukiwe vizuri, kwani mbwa na fisi hufukua.

Kwa wawili wanaolala kambini siku nyingi, chaguo letu ni kile kidogo cha maji cha lita 10, kitumike usiku kwa haja ndogo tu. Haja kubwa isubiri choo cha kambi. Kikavu kijengwe na yule anayekaa siku tatu au zaidi pasipo na choo, na anayejua shimo lililo mbele yake.

Safari ikiisha, jaza tangi la chini maji ya uvuguvugu na gramu 50 za asidi ya sitriki kwa kila lita, liache usiku kucha, umwage, usuuze. Tangi la juu limwage mpaka pampu itoe hewa tupu. Mpira upake silikoni. Halafu usiufunge ulimi: uache wazi, na kifuniko cha mdomo kikiwa kimelegezwa, choo kikae kivulini. Mpira uliobanwa miezi mitatu kwenye plastiki kavu hushikana nayo, na utauchana siku ya kwanza ya safari inayofuata.